Vidonda vya kinywani vinavyorudi kila mara: kutafuta chanzo chake katika chakula

Kidonda cha kinywani huwa kidogo kuliko punje ya harage, lakini kinatosha kumfanya mtu mzima aiache sahani ya bugali (ugali) na sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, ipoe mbele yake huku akinywa maji kwa upande mmoja wa mdomo. Anayekipata mara moja kwa mwaka hukisahau. Mwongozo huu ni wa yule ambaye vidonda humrudia: kinapona kimoja, wiki mbili hazijaisha kinachomoza kingine, na kila jirani ana lake la kumshauri. Acha nanasi. Acha nyanya. Acha karanga, acha mayai, acha samaki. Nimeishi na vidonda hivi tangu ujana wangu, nikayafuata mashauri hayo yote kwa zamu, na ninaandika kwa sababu naona wengi hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wakiendelea kupunguza chakula wakati mwili wao unawataka waongeze. Chakula kweli kinahusika na vidonda vya baadhi ya watu, lakini kinahusika kwa njia mbili zilizo tofauti kabisa, na dawa ya moja huweza kuizidisha nyingine.

Kabla ya kulaumu chakula, kitazame kidonda

Simama karibu na dirisha, uvute mdomo wa chini kwa vidole viwili safi, na mtu akumulikie kwa tochi ya simu. Kidonda cha aina tunayoizungumzia, ambacho wauguzi wetu hukiita afta, kina umbo la duara au la yai. Katikati kina utando mweupe unaoelekea manjano, na pembezoni kimezungukwa na mstari mwekundu kana kwamba umechorwa kwa kalamu. Hutokea pale ambapo ngozi ya kinywa ni laini na inayojongea, yaani ndani ya midomo na mashavu, chini ya ulimi na pembeni mwake, na kwenye kaakaa laini kule nyuma. Vingi havifikii milimita 10 kwa upana na hupona vyenyewe kwa muda wa siku 7 hadi 14 bila kuacha kovu. Vipo vikubwa kuliko hivyo, vyenye kina, vinavyoweza kudumu wiki 6 au zaidi na kuacha kovu. Na vipo vidogo sana, vya milimita 1 au 2, vinavyotoka kwa makundi. Vyote hivyo haviambukizi, wala hakuna haja ya kumtengea mgonjwa kikombe chake.

Yako mambo mengine yanayofanana nayo ambayo hayatatatuliwa kwa kubadilisha chakula. Malengelenge madogo yanayotoka nje, kwenye ukingo wa mdomo, yakianza kwa mwasho na vijipovu vya maji, husababishwa na kirusi cha herpesi, na hayo huambukiza. Utando mweupe unaofutika kwa kitambaa na kuacha wekundu chini yake ni ukungu wa kandida, ambao huwapata watoto wachanga, watu waliotumia antibaiotiki kwa muda mrefu, na wale ambao kinga yao imeshuka. Mtu mzima anayeuona bila sababu inayojulikana anapaswa kupima damu, kipimo cha VVU kikiwemo. Kidonda kimoja kilichozidi wiki 3 mahali palepale, chenye kingo ngumu ukikigusa, hata kama hakiumi, kionwe na daktari bila kungoja, hasa kwa anayevuta sigara au kunywa pombe kali.

Jambo moja linawahusu watoto, nami naliweka mapema kwa makusudi. Mtoto mdogo aliyedhoofu, pengine ametoka kuugua surua au malaria, akionekana na kidonda kwenye ufizi, harufu mbaya ya kinywa na shavu linaloanza kuvimba, apelekwe hospitalini siku hiyohiyo. Hiyo huweza kuwa noma, ugonjwa unaokula nyama ya uso kwa siku chache tu, na ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza mwezi Desemba 2023 katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa. Ukitibiwa mwanzoni kwa antibaiotiki, usafi wa kinywa na chakula chenye nguvu, mtoto hupona na uso wake unasalimika.

Njia mbili za chakula

Ngozi ya ndani ya kinywa hujifanya upya upesi kuliko karibu kila ngozi nyingine ya mwili. Chembe za juu hubanduka na mpya hupanda kutoka chini kila baada ya wiki moja au mbili hivi. Kazi hiyo inahitaji madini ya chuma, foleti (vitamini ya mboga za majani) na vitamini B12 kila siku. Vikipungua, ngozi huwa nyembamba, na mkwaruzo mdogo ambao kwa mtu mwingine ungepita bila kuonekana, kwake hufunguka na kuwa kidonda. Hii ndiyo njia ya kwanza: kitu kinachokosekana. Njia ya pili ni kitu kinacholiwa kikaumiza kinywa chenyewe, ama kwa ukali wake, ama kwa ugumu wake, ama kwa sababu mwili wa mtu huyo haupatani nacho.

Muda ndio unaotenganisha njia hizo. Kidonda kinachotoka saa chache au siku moja au mbili baada ya chakula fulani, na kinachotoka palepale chakula kilipogusa, kinaelekeza kwenye njia ya pili. Vidonda vinavyojitokea huku na huku bila kufuata mlo wowote, tena vikija pamoja na uchovu, weupe wa ndani ya ukope au ulimi unaowaka, vinaelekeza kwenye njia ya kwanza. Wapo watu walio na yote mawili, na hao ndio wanaohangaika zaidi, kwa sababu wanacho chakula cha kukilaumu huku upungufu ukiendelea chinichini.

Dalili: kinywa kinachoma wakati wa kula, na kidonda kinafuata

Nanasi huongoza kwa kulaumiwa, na si bure, maana lina asidi pamoja na kimeng'enya kinachoyeyusha protini, ndiyo sababu ulimi hubaki ukiwasha baada ya kulila kwa wingi. Malimau, machungwa, maracuja (pasheni) na nyanya mbichi huchoma kwa asidi yao. Pilipili yetu ya kichaa huchoma kwa namna yake. Vitu vigumu huumiza kama kisu: muwa unaotafunwa kwa meno, mahindi ya kuchoma, ganda la mkate uliokauka, karanga zilizokaangwa, na kichwa kikavu cha ndagala (dagaa) asiyelowekwa vizuri. Joto nalo lisisahauliwe, kwa kuwa sombe iliyotoka jikoni sasa hivi, yenye mafuta ya mawese juu, hubaki na joto kwa muda mrefu kuliko mlaji anavyodhani, na tonge la kwanza ndilo linalounguza.

Hapa kuna kosa la kuhesabu ambalo karibu kila mtu hulifanya. Chumvi, limau na pilipili huumiza kidonda ambacho tayari kipo. Kwa siku moja au mbili kabla ya kidonda kuonekana, mahali pale panakuwa na mchomo usio na alama yoyote. Mtu akila nyanya siku hiyo, akasikia uchungu, kisha kesho yake akakiona kidonda, atasema nyanya imekileta, ingawa nyanya ilikikuta kikiwa njiani. Kwa hiyo usikihukumu chakula kwa tukio moja. Kikirudia mara tatu, kila mara kinywa kikiwa kizima kabla ya mlo, hapo una sababu ya kukishuku.

Kinachoumiza kwa ugumu au joto hakihitaji kufukuzwa nyumbani. Loweka ndagala, pukuchua mahindi badala ya kuyang'ata kwenye gunzi, menya muwa na uukate vipande vidogo, ngoja sombe ipoe. Jino lenye ncha iliyovunjika, linalokwaruza shavu au ulimi kila unapotafuna, linapaswa kulainishwa na daktari wa meno, kwa kuwa hakuna chakula kitakachokuwa laini vya kutosha mbele yake.

Dalili: vidonda pamoja na uchovu, weupe wa ukope na hamu ya kula udongo

Hili ndilo eneo ninalolijali zaidi, kwa sababu ndipo nilipokuwa. Nilikuwa nimeacha matunda yote yenye ukali, nimeacha nyanya, nimebakiwa na bugali, maharagwe na chai isiyo na maziwa asubuhi, mchana na jioni, na vidonda vilikuwa vimeongezeka. Muuguzi mmoja wa makamo alinivuta ukope wa chini kwa kidole gumba, akanigeuzia kwenye mwanga wa mlango, akaniambia, "Mama, huku ndani kunapaswa kuwa kwekundu kama mdomo wa mtoto, kwako kumekuwa kama ndani ya ganda la yai." Hakuniuliza ninakula nini. Aliniuliza ninakunywa chai saa ngapi.

Swali lake lilikuwa na maana kubwa. Chai, hata hii nzuri inayolimwa katika milima yetu ya Kivu, ina tanini zinazoyashika madini ya chuma ya maharagwe na mboga ndani ya tumbo na kuyazuia yasiingie katika damu. Ikinywewa pamoja na chakula, huweza kupunguza zaidi ya nusu ya chuma ambacho mwili ungekipata katika mlo huo. Kahawa hufanya vivyo hivyo. Ukiisogeza chai mpaka saa moja au zaidi baada ya kula, sehemu kubwa ya hasara hiyo inaondoka bila kununua chochote. Na yale machungwa niliyoyaacha kwa kuogopa kidonda ndiyo yaliyokuwa yakinisaidia, kwa kuwa vitamini C inayoliwa katika mlo uleule huongeza chuma kinachopatikana katika maharagwe na lengalenga (mchicha). Kwa mwenye kinywa kinachouma, papai bivu au pera laini linatosha mahali pa limau.

Chuma cha nyama, maini na samaki huingia mwilini kwa urahisi kuliko kile cha mimea, na kipande kidogo cha nyama katika sufuria ya maharagwe husaidia hata chuma cha maharagwe yenyewe. Maharagwe yalowekwe usiku kucha na maji yake yamwagwe, kwa sababu hivyo hupunguza fitati, ambazo nazo hukishika chuma.

Hamu ya kula udongo, ule unaouzwa sokoni kwa vipande vilivyokaushwa na ambao mama wajawazito wengi huuficha katika kitambaa, ni dalili inayojulikana ya upungufu wa chuma. Asionewe haya mtu kwa jambo hilo. Aambiwe tu kwamba udongo wenyewe hukishika chuma cha chakula na huweza kuwa na mayai ya minyoo. Sababu nyingine zinazomaliza chuma hata kwa mtu anayekula vizuri ni hedhi nzito, mimba zinazofuatana kwa karibu, minyoo ya safura inayonyonya damu katika utumbo, malaria ya mara kwa mara, na vidonda vya tumbo vinavyovuja damu kidogokidogo. Mwanaume mtu mzima mwenye upungufu wa chuma asitosheke na vidonge. Atafutiwe mahali anapopoteza damu.

Katika maabara, omba kipimo cha hemoglobini, yaani kile kinachoipa damu wekundu wake na kubeba oksijeni, na kikipatikana, cha feritini, ambacho huonyesha akiba ya chuma. Viwango vinavyotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito, 11 kwa mjamzito (10.5 katika miezi ya kati ya mimba) na 13 kwa mwanaume, lakini viwango hivyo ni vya watu wa usawa wa bahari. Ziwa Kivu liko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, na nyumba zetu nyingi ziko juu zaidi ya ziwa; mwili unaoishi katika mwinuko huu hutengeneza hemoglobini zaidi, kwa hiyo mwanamke wa Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, mwenye 12 kamili asiambiwe kwamba yuko sawa bila kufikiriwa mara ya pili. Tena akiba huisha kabla hemoglobini haijashuka, na kinywa huweza kulalamika katika kipindi hicho cha kati.

Vidonge vya chuma vitolewe na mtu wa afya baada ya kipimo, vinywewe mbali na chai na maziwa, na viendelee hata baada ya hemoglobini kupanda, mara nyingi kwa miezi 3 mingine ili akiba ijae. Choo kitakuwa cheusi. Hiyo ni kawaida. Vifungiwe mbali na watoto, kwa kuwa vidonge vichache vya chuma huweza kumuua mtoto mdogo.

Dalili: ulimi laini, mwekundu, unaowaka, na miguu inayofa ganzi

Ulimi wa kawaida una vinundu vidogovidogo kama kitambaa cha taulo. Ukiwa umelainika na kung'aa, unauma hata kwa maji ya vuguvugu, na vidonda vinarudi pembeni mwake, fikiria vitamini B12. Ganzi au mchomo wa sindano katika vidole vya miguu na mikono huongeza shaka hiyo. Vitamini hii haipatikani katika mimea tunayoila. Haimo katika bugali, haimo katika sombe, haimo katika maharagwe hata yakiliwa kwa kilo. Imo katika samaki, nyama, maini, mayai na maziwa.

Na hapa mji wetu umebahatika. Sambaza, samaki wadogo ambao waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huliwa wazima pamoja na kichwa, tumbo na mifupa, na ni chanzo kizuri cha B12 kwa bei ambayo nyama haiwezi kushindana nayo. Huhitaji sahani nzima. Kiganja kimoja cha sambaza, mara kadhaa kwa wiki, kinamtosha mtu mzima ambaye tumbo lake linafanya kazi vizuri. Ikiwa waliokaangwa wakauka wanakwaruza mdomo, wapikwe kwa mchuzi mpaka walainike, au wasagwe na kunyunyizwa katika uji wa mtoto.

Lakini wapo wanaokula samaki kila siku na bado wamepungukiwa, kwa sababu kasoro iko katika kuipokea: wazee ambao asidi ya tumbo imepungua, waliokatwa sehemu ya tumbo, wanaotumia dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli kwa miaka, na wagonjwa wa kisukari wanaotumia metformini kwa muda mrefu. Hao wanahitaji sindano au vidonge vyenye kipimo kikubwa. Utafiti mmoja wa madaktari wa Israeli uliochapishwa mwaka 2009 uliwapa watu wenye vidonda vya kurudi mikrogramu 1,000 za B12 chini ya ulimi kila usiku kwa miezi 6, na waliopata vitamini walipona zaidi kuliko waliopewa kidonge kitupu, hata wale ambao damu yao haikuonyesha upungufu. Ulikuwa utafiti mdogo, lakini kwa vitamini ambayo haina sumu kubwa, naona ni jambo la kuzungumza na daktari.

Onyo moja hapa linahitaji kuzingatiwa. Vidonge vya foliki (foleti ya dukani) pekee huweza kuirekebisha damu ya mtu aliyepungukiwa na B12 huku mishipa yake ya fahamu ikiendelea kuharibika bila kuonekana. Mwenye ganzi ya miguu asijinunulie foliki dukani na kungoja.

Dalili: mboga ziko mezani kila siku, lakini vidonda havikomi

Foleti imejaa katika majani mabichi, maharagwe na parachichi, ambalo sisi huku tunaliita avoka. Inashangaza basi kuikosa katika nyumba inayokula sombe siku tano kwa wiki, mpaka utazame jinsi sombe inavyopikwa. Majani hutwangwa na kuchemshwa kwa saa nyingi, na hayo ni ya lazima, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu ya sianidi inayotakiwa kuondolewa. Asiye na subira asiipunguze hatua hiyo hata kidogo. Ila foleti na vitamini C haziwezi kustahimili moto wa muda mrefu namna hiyo. Kwa hiyo sombe iendelee kuwa sombe, na pembeni yake, siku kadhaa kwa wiki, kuwe na lengalenga iliyopikwa dakika chache kwa maji kidogo, au nusu ya avoka. Avoka haina asidi, ni laini, na hata mwenye vidonda vinne anaweza kuila kwa kijiko.

Pombe nayo huiharibu foleti, kasiksi (pombe ya ndizi) ikiwemo, hasa kwa anayeinywa mahali pa chakula cha jioni.

Dalili nyingine, kwa ufupi

Pembe za mdomo zikipasuka pande zote mbili, fikiria upungufu wa vitamini B2 au wa chuma, mara nyingi pamoja na kandida juu yake. Maziwa, mayai, maini na mboga za majani husaidia, lakini kandida inahitaji dawa ya kupaka. Ufizi uliovimba na kutoka damu kwa mtu aliyeacha matunda na mboga kwa miezi huweza kuwa upungufu wa vitamini C. Vidonda vinavyokuja pamoja na kuharisha kwa muda mrefu, tumbo kujaa na kukonda, huweza kutoka katika ugonjwa wa utumbo, ukiwemo ule wa kutopatana na gluteni ya ngano. Anayeushuku asiache mkate kabla ya kupimwa, kwa sababu kipimo cha damu hukosea kwa mtu aliyekwisha kuacha ngano. Vidonda vya kinywani pamoja na vidonda vya sehemu za siri au macho mekundu yanayouma vinahitaji daktari bingwa.

Ukishuku chakula kimoja

Chokoleti, kahawa, jibini, karanga, ngano, mdalasini na nyanya hutajwa sana na wagonjwa, na kwa baadhi yao ni kweli. Namna ya kujua ni daftari. Andika siku mchomo ulipoanza, na si siku kidonda kilipoonekana; andika ulichokula siku tatu zilizotangulia, usingizi, siku za hedhi, na dawa ulizomeza. Baada ya miezi 2, hesabu vidonda. Kisha ondoa chakula kimoja tu, kabisa, kwa mwezi mmoja au miwili, huku ukiendelea kuhesabu. Muda huo unaonekana mrefu, lakini vidonda hivi vina desturi ya kupumzika vyenyewe, na anayejaribu kwa wiki moja atakisifu chochote alichokiacha wiki hiyo. Vikipungua, kirudishe chakula hicho, uone kama vitarudi. Bila hatua hiyo ya kukirudisha hujathibitisha lolote, na unaweza kuishi miaka ishirini bila karanga kwa kosa ambalo karanga hazikulifanya.

Mtoto, mjamzito na mama anayenyonyesha wasinyimwe mayai, samaki au maziwa kwa majaribio ya nyumbani.

Chakula kikionekana hakina kosa

Tazama dawa ya meno. Nyingi zina sabuni inayoitwa sodiamu lauri salfeti, ile inayotoa povu jingi, na baadhi ya watu hupata nafuu wanapohamia isiyo nayo. Soma nyuma ya boksi. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni huweza kuleta vidonda. Kuacha sigara nako huvileta kwa wiki kadhaa za mwanzo, na hilo lisimrudishe mtu kwenye sigara, kwa maana vitapita. Kukosa usingizi, huzuni na wasiwasi huvichochea, na katika mji huu ni wachache wasioyajua hayo. Na ikiwa mama au baba yako alikuwa navyo, yaelekea umevirithi kwao; kwa wengi hupungua umri unavyosonga.

Wakati kidonda kiko wazi

Sukutua kwa kikombe cha maji ya vuguvugu chenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, mara tatu au nne kwa siku, kisha uteme. Usiweke chumvi kavu juu ya kidonda, wala usikiwekee aspirini iliyosagwa, ambayo huunguza ngozi na kukipanua kidonda ulichotaka kukiponya. Na unga wa vidonge vya antibaiotiki usitumiwe bila ushauri, hasa tetrasikilini kwa mtoto wa chini ya miaka 8, ambayo huyatia meno yake rangi ya kudumu. Kula vya vuguvugu: uji wa mtama na soya, ndizi bivu, avoka, yai la kuchemsha lililopondwa, viazi vilivyopondwa kwa maziwa, mchuzi wa maharagwe uliochujwa maganda. Mtu akishindwa kunywa hata maji kwa siku nzima, au akipata homa, aende kituo cha afya.

Aliyegundulika na upungufu asitazamie kwamba vidonda vitakoma juma lilelile alipoanza sambaza au vidonge. Kwangu viwili vilitoka katika mwezi wa kwanza, kimoja katika wa pili, na wa tatu ulipita mzima. Kipimo cha damu kirudiwe baada ya wiki 4 hivi: hemoglobini ikiwa haijapanda hata gramu moja ilhali vidonge vimemezwa kila siku, daktari aambiwe waziwazi, kwa kuwa hapo kuna damu inayopotea mahali fulani, au tumbo lisilopokea, au vidonge bado vinamezwa pamoja na chai.